Uzi maalumu: Jipime unavyoijua dunia ya leo (maswali ya baraza letu la Lamu)

BarazaLaMkomani

Assalaam alaykum ndugu zangu, na habari zenu nyote mliomo humu.

Huku kwetu Mkomani vijana hukutana barazani baada ya sala ya Isha, kahawa inapita, nami huwauliza maswali ya mambo yanayoendelea duniani. Wengi wameniomba niyalete hapa. Nayaleta kwa sharti moja: majina matupu siyataki. Kijana anaweza kukutajia miji mikuu ya Afrika nzima bila kuvuta pumzi na bado asielewe hata habari moja ya saa mbili usiku. Jibu lako liseme nini kimetokea, lini, na kwa nini. Lisilo na "lini" nalihesabu halijajibiwa.

Chukua swali jepesi kabisa: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi ngapi? Mzee aliyeishuhudia ile ya kwanza, iliyovunjika 1977, atasema tatu. Aliyesoma baada ya Rwanda na Burundi kuingia 2007 atasema tano. Sudan Kusini ikaingia 2016, Kongo ya Kinshasa 2022, Somalia ikakamilisha uanachama 2024. Sasa ni nane. Watu hao watatu wanaweza kukaa baraza moja, wakabishana mpaka alfajiri, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa wakati wake. Ndiyo maana tarehe naishikilia.

Haya, tuanze na la nyumbani.

Swali la 1. Kuanzia mwisho wa 2023 meli nyingi za makontena ziliacha kupita Mfereji wa Suez zikazunguka Afrika nzima. Kwa nini? Na Lamu inaingiaje hapo?

KijanaWaHindi

Wahouthi wa Yemen walikuwa wanazishambulia meli.

BarazaLaMkomani

Umepata "nani", kaka. Endelea.

NahodhaWaPate

Niruhusuni mimi, njia hiyo naijua. Ukitoka huku kwenda Suez lazima upite Bab el-Mandeb, pale penye wembamba baina ya Yemen na upande wa Djibouti na Eritrea. Ndipo uingie Bahari ya Shamu. Mwenye kukaa na silaha ukingo ule wa Yemen anaweza kumsumbua kila apitaye. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahouthi waliiteka meli ya magari iitwayo Galaxy Leader, watu wakashuka juu yake kwa helikopta. Wakasema wanafanya hivyo kwa ajili ya Gaza, kwa kuwa vita vilikuwa vimeanza Oktoba. Baada ya hapo mashambulizi yakafuatana, makombora na droni. Kampuni kubwa za meli zikaona afadhali zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Safari ya Asia kwenda Ulaya ikarefuka kwa siku kumi hivi au zaidi, na mafuta juu yake.

BarazaLaMkomani

Ahsante sana ami. Hilo ndilo jibu kamili, na hakuna aliyehitaji digrii kulitoa.

Naongeza upande wetu. Gati la kwanza la bandari ya Lamu pale Kililana lilifunguliwa 20 Mei 2021. Magati yaliyojengwa ni matatu, mpango mzima ni wa magati 32. Kina kimechimbwa mpaka mita 17.5, kwa hiyo meli kubwa inaingia. Watu walikuwa wakiuliza bandari hii itapata wapi mzigo ikiwa reli haijafika na barabara ya kwenda Ethiopia haijakamilika. Meli zilipoanza kuzunguka Afrika, mwambao wetu ukawa karibu na njia yao, na bandari yenye kina kirefu isiyo na foleni ikawa na faida: mzigo unashushwa hapa, unapakiwa meli nyingine, unaendelea. Anayesema habari za Yemen hazimhusu mtu wa Lamu aende Mokowe akawaulize vijana wanaosubiri kazi za bandarini.

Wala hii si mara ya kwanza kwa Suez kuitikisa dunia miaka hii. Machi 2021 meli ya Ever Given, yenye urefu wa mita 400 hivi, ilikwama ikauziba mfereji siku sita, tarehe 23 hadi 29. Hakukuwa na vita wala risasi.

BintiMokowe

Maalim, mimi nina usaili wa kazi mwezi ujao na nimeambiwa watauliza mambo ya dunia. Nisome nini? Nimepewa kijitabu cha maswali na majibu lakini kimechapishwa zamani.

BarazaLaMkomani

Dada yangu, kijitabu kitumie kujifunza maswali, majibu yatafute mwenyewe. Nakupa ya haraka uanze nayo.

Umoja wa Mataifa una wanachama 193, wa mwisho kuingia ni Sudan Kusini, 14 Julai 2011. Vatikani na Palestina ni watazamaji, si wanachama kamili. Katibu Mkuu António Guterres alianza Januari 2017 na kipindi chake cha pili kinafikia mwisho 31 Desemba 2026. Umoja wa Afrika una wanachama 55, na hapo wengi huanguka kwa sababu wanasahau Sahara Magharibi ni mwanachama na Moroko nayo ilirudi 2017. NATO ni 32, Finland ikiwa imeingia Aprili 2023 na Sweden Machi 2024. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka rasmi ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025. Swaziland ni Eswatini tangu 2018. Makao makuu ya siasa ya Burundi ni Gitega. Bujumbura imebaki mji wa biashara. Papa Leo wa 14, wa kwanza kuzaliwa Marekani, alichaguliwa 8 Mei 2025. India iliipita China kwa idadi ya watu 2023.

Hayo ni ya kukariri, nayo yana kazi yake siku ya usaili. Lakini akikuuliza mtu "kwa nini Finland iliingia NATO baada ya miaka yote ile ya kukaa pembeni?", uwe tayari kutaja Urusi kuivamia Ukraine 24 Februari 2022 na mpaka wa Finland na Urusi ulio zaidi ya kilomita 1,300. Hapo ndipo mwajiri mwenye akili anakutazama mara ya pili.

Swali la 2, na hili nalipenda kuliko yote. Kenya na Somalia zilipelekana mahakama gani kwa ajili ya bahari, na hukumu ilisemaje?

KijanaWaHindi

ICC, The Hague.

MvuviKizingitini

Hapana bwana. ICC ndiyo ile waliyopelekwa wakubwa wetu baada ya uchaguzi wa 2007. Ya bahari ni nyingine.

BarazaLaMkomani

Mvuvi kasema kweli. Mahakama zote mbili ziko The Hague, Uholanzi, na hapo ndipo zinapochanganywa kila siku, hata na watangazaji.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ndiyo hiyo ICC, inamshitaki mtu. Ilianza kazi Julai 2002. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ni chombo cha Umoja wa Mataifa, ina majaji 15, na mbele yake husimama dola kwa dola. Huwezi wewe wala mimi kupeleka kesi huko. Ndiyo iliyopokea kesi ya Afrika Kusini dhidi ya Israeli mwisho wa Desemba 2023. Ukisikia "mahakama ya The Hague" peke yake kwenye habari, jiulize kwanza: anayeshitakiwa ni mtu au ni nchi?

Sasa kesi yetu. Somalia iliifungua Agosti 2014. Ugomvi ulikuwa hivi: mpaka wa nchi kavu unafika baharini karibu na Kiunga, na kutoka hapo mstari uendelee vipi? Kenya ilitaka uende moja kwa moja mashariki, kwa kufuata latitudo, na ilisema tangu tangazo lake la 1979 Somalia haikuwahi kupinga, kwa hiyo ilikubali kwa kunyamaza. Somalia ilitaka mstari wa katikati, wenye kwenda kusini mashariki kwa kufuata mwelekeo wa pwani. Kati ya mistari hiyo miwili pana eneo la pembetatu la kilomita za mraba 100,000 hivi.

Hukumu ilitoka 12 Oktoba 2021. Mahakama ilikataa hoja ya kunyamaza, ikasema hakukuwa na makubaliano. Ikachora mstari wa katikati, kisha ikausogeza kidogo kaskazini kwa faida ya Kenya, kwa kuwa pwani hizi tatu za Somalia, Kenya na Tanzania zinaungana kwa namna ya kuibana Kenya ya katikati. Hata hivyo sehemu kubwa ya pembetatu ilikwenda Somalia. Kenya ilikuwa imekataa kushiriki vikao vya mdomo Machi mwaka ule, na hukumu ilipotoka serikali ikasema haiitambui.

MvuviKizingitini

Nami niulize. Sisi tunaokwenda Kiunga na kuvuka kidogo, mstari huo tunauona wapi? Baharini hakuna ukuta. Na kama Kenya haiitambui hukumu, nani anailazimisha?

BarazaLaMkomani

Swali lako ni zito kuliko langu. Kwa mvuvi wa mashua, vita na usalama wa mpakani vimekuwa vikimpangia pa kuvua kuliko majaji. Hukumu imegusa zaidi mbali, kwenye leseni za kutafuta mafuta na gesi na meli kubwa za uvuvi.

Kuhusu nani analazimisha: Hati ya Umoja wa Mataifa, kifungu cha 94, inasema nchi ikikataa hukumu, mwenzake anaweza kwenda Baraza la Usalama. Baraza lina wanachama 15. Watano wa kudumu, Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa, wana kura ya turufu, na mmoja wao akikataa jambo linakufa. Kumi wanaobaki huchaguliwa kwa miaka miwili. Kisha tazama tarehe: hukumu ni Oktoba 2021, na Kenya yenyewe ilikuwa imekaa Baraza la Usalama 2021 na 2022. Ukizipanga tarehe hizo mbili pamoja unaelewa mengi ambayo hakuna mtangazaji aliyekueleza.

Na katika kipindi kile kile, Februari 2022, siku chache kabla ya Ukraine kuvamiwa, balozi wa Kenya Martin Kimani alisimama Barazani akasema mipaka ya Afrika hatukuichora sisi, ilichorwa katika miji mikuu ya wakoloni, na ng'ambo ya kila mpaka tunao ndugu zetu, lakini tulichagua kuiheshimu kuliko kumwaga damu tukitafuta dola za kabila moja. Hotuba ile ilizunguka dunia nzima. Mtu wa Lamu mwenye jamaa Kismayu anaijua maana yake bila kuelezwa.

MwalimuLangoni

Shukrani kwa uzi huu. Mimi nafundisha, na ningependa tuzungumze kuhusu simu. Wanafunzi wangu hawasomi gazeti wala hawasikilizi redio. Habari zao zote ni video zilizotumwa na kutumwa tena, hazina tarehe, hazina mahali. Mtoto anakuja darasani anaapa wallahi ameona vita vya tatu vya dunia.

BarazaLaMkomani

Mwalimu, umenikumbusha jambo lililotokea hapa hapa kwetu.

Kijana mmoja alikuja na video akisema ni Khartoum, mlipuko wa vita vya Sudan. Simu ikapita mkono kwa mkono. Moshi mwekundu, kisha wingu jeupe linafumuka kama kuba, na kila kitu kinasambaratika. Watu wakaanza kusoma dua. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, akaomba aioneshwe tena, akaisimamisha kidole kikiwa juu ya kioo. Akauliza: "Hii hapa si bahari? Na lile si ghala la bandarini? Khartoum pana bahari gani?"

Kimya. Khartoum iko pale Nile mbili zinapokutana, mamia ya kilomita kutoka baharini. Bandari ya nchi hiyo ni Port Sudan. Video ile ilikuwa ya Beirut, Lebanoni, 4 Agosti 2020, zilipolipuka tani 2,750 za ammonia naitreti zilizohifadhiwa bandarini. Lile jengo refu jeupe ni maghala ya nafaka, na yeyote aliyeifuatilia habari ile hulitambua.

Mzee hakujua tarehe ya Beirut. Alijua ramani tu, na ramani ilitosha kuukamata uongo. Kwa hiyo, mwalimu, waambie watoto wasimamishe video na kuikagua: maandishi ya ukutani ni ya lugha gani, magari yanapita upande gani wa barabara, pana bahari au pana mto, watu wamevaa nguo za baridi mwezi gani. Halafu waulize nani aliyeituma mara ya kwanza. Kazi hiyo haihitaji bando kubwa.

Na Sudan yenyewe isifunikwe na uongo huo. Vita vilianza 15 Aprili 2023 baina ya jeshi la Jenerali Burhan na kikosi cha RSF cha Hemedti, watu wawili waliokuwa wameshirikiana kupindua serikali ya kiraia Oktoba 2021. Mamilioni wamehama makwao. Inauma kwamba kijana wa Kiafrika anajua majina ya miji ya Ukraine na hajui El Fasher ni nini. Ni mji wa Darfur uliozingirwa zaidi ya mwaka mzima mpaka RSF ikauteka Oktoba 2025, na raia wakauawa.

KijanaWaHindi

Maalim kwa heshima yako, mimi naona tunajisumbua. Hapa tuna shida ya maji, ya hati za ardhi, ya kazi. Kujua Baraza la Usalama kutanisaidia nini? Tuanze na kaunti yetu kwanza.

BarazaLaMkomani

Kaka, ya kaunti usiyaache hata siku moja. Lakini nikuulize swali la 3, uone kaunti inaishia wapi: kwa nini bandari imejengwa Lamu, na si pengine?

BintiMokowe

Kwa ajili ya Ethiopia na Sudan Kusini. Mradi wa LAPSSET, ule wa bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, ulizinduliwa Machi 2012, wakaja Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi hapa hapa Lamu.

BarazaLaMkomani

Barakallahu fiki. Sasa fuata kamba. Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 120 na haina pwani tangu Eritrea ilipojitenga 1993. Mzigo wake karibu wote unapita Djibouti. Tarehe 1 Januari 2024 ikatia sahihi maelewano na Somaliland ipate pwani. Somalia ikawaka, kwani inaihesabu Somaliland kuwa sehemu yake. Uturuki ikaingia kati, na Desemba 2024 Ethiopia na Somalia zikakubaliana huko Ankara kuzungumza. Kila Ethiopia inapopata mlango mwingine wa baharini, au kuukosa, hesabu ya bandari ya Lamu inabadilika. Nayo bandari ndiyo iliyochukua mashamba ya Kililana na maeneo ya uvuvi, ndiyo iliyowafanya wavuvi waende mahakamani na 2018 wakapewa hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.76. Hati za ardhi unazozililia wewe na mazungumzo ya Ankara ni habari moja. Ukiisoma nusu, wenzako watakuja mkutanoni na nusu ya pili, nawe hutakuwa na la kuwauliza.

NahodhaWaPate

Umesema. Zamani sisi tulizijua habari za Aden na Mukalla kwa sababu majahazi yalikuja na kaskazi. Asiyejua habari za ng'ambo alipunjwa bei.

MwalimuLangoni

Na Haiti? Wanafunzi wananiuliza kila siku polisi wetu walikwenda kufanya nini.

BarazaLaMkomani

Kwa ufupi: Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha kusaidia polisi wa Haiti dhidi ya magenge 2 Oktoba 2023, China na Urusi zikijizuia kupiga kura. Polisi wa kwanza wa Kenya walitua Port-au-Prince Juni 2024. Waeleze tofauti hii, kwa sababu karibu kila mtu anaikosea: kikosi kile kiliidhinishwa na Umoja wa Mataifa, lakini hakikuwa jeshi la kulinda amani la Umoja wa Mataifa. Fedha zake zilitegemea michango ya hiari, na ndiyo sababu tulisikia kila mara kuhusu upungufu wa vifaa na watu.

Swali la mwisho la wiki hii, la Bahari yetu ya Hindi: visiwa vya Chagos ni vya nani?

BintiMokowe

Uingereza ilivitenga na Mauritius 1965, kabla ya kuipa uhuru 1968. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni Februari 2019 kwamba utengano ule haukuwa halali. Mei 2025 Uingereza na Mauritius zikatia sahihi mkataba: mamlaka yarudi Mauritius, na kambi ya kijeshi ya Diego Garcia ikodishwe kwa miaka 99.

BarazaLaMkomani

Nini, lini na kwa nini, vyote vimo. Nenda kwenye usaili wako dada, usiogope.

MvuviKizingitini

Na wenyewe wa visiwa? Mbona hakuna anayewataja?

BintiMokowe

Waliondolewa wote baina ya 1968 na 1973 ili kambi ijengwe. Wengi walipelekwa Mauritius na wengine Shelisheli, na baadaye wengi wakahamia Uingereza. Mkataba unairuhusu Mauritius kuwarudisha watu kwenye visiwa vile vingine. Diego Garcia yenyewe haimo.

MvuviKizingitini

Basi swali la wiki ijayo nalitoa mimi: mtu aliyezaliwa Diego Garcia akitaka kurudi kwao, aende kumwomba nani?